Bwana Afya, Soko Letu na Gunia la Mahindi Chumbani

Leo sitazungumza juu ya chanjo wala juu ya mtoto kuharisha. Leo nataka tukae chini nikusimulie habari za zamani kidogo: ni nani aliyeanza kukagua chakula chetu, alikuwa anatafuta nini, na ilikuwaje mwaka 2004, katika wilaya ya Thika ya wakati huo, chakula ambacho kwa macho hakikuwa na neno kikawaua watu.

Nimeamua kukusimulia kwa sababu ya jibu moja ninalopewa sana kliniki. Nikimwambia mama achambue mahindi kabla ya kuyapeleka kwenye mashine ya posho, ananiambia, "Lakini sista, si kuna watu wa kaunti wanaopima chakula?" Ni kweli, wako. Lakini wanapima nini, na wanapimia wapi? Hebu tuanze mbali.

Mwaka 1902 Nairobi ilikuwa mji mchanga wa reli, na tauni ikaingia. Tauni huletwa na viroboto wa panya, na panya hufuata nafaka. Wakubwa wa wakati huo waliamua kuchoma moto soko la Wahindi lote, maduka na bidhaa zake. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya kudhibiti ugonjwa. Ilipofika mwaka 1921 koloni likapata Sheria ya Afya ya Umma, ile ambayo hadi leo maafisa wetu wanaitaja kama sura ya 242. Ukisoma sehemu yake inayohusu vyakula utafikiri imeandikwa na mtu anayewaogopa panya, na kweli ndivyo ilivyokuwa. Ghala la nafaka ni lazima lijengwe hivi kwamba panya hawezi kuingia. Na kuna kifungu kimoja nataka ukishike, kwa sababu tutakirudia: mtu haruhusiwi kuishi wala kulala katika chumba ambamo chakula cha kuuza kinatayarishwa au kinahifadhiwa.

Sheria hiyo iliyapa mabaraza ya miji na ya wilaya jukumu la kuhakikisha kwamba chakula kibovu hakiuzwi katika eneo lao. Na hapo ndipo alipozaliwa yule tunayemwita Bwana Afya.

Shosho zetu wanamkumbuka vizuri. Alikuja kwa baiskeli, akakagua choo, akachungulia kisima, akauliza mbona ng'ombe wamefungwa karibu na jikoni. Mjini alipita kwenye bucha na kwenye hoteli, akafunua sufuria, akaomba kuona cheti cha afya cha anayepika. Wengine waliajiriwa na wizara, wengine na baraza la mji, kama vile Baraza la Manispaa ya Thika. Watu walimwogopa kidogo, na ukweli ni kwamba wengine walimficha mambo. Lakini usimdharau. Macho yake na pua yake vimeokoa watu wengi sana. Nyama yenye minyoo inaonekana ukiikata mahali panapostahili. Ini lenye majipu linaonekana. Samaki aliyeoza ananuka. Maziwa yaliyotiwa maji yanajulikana kwa kifaa kidogo cha kioo kinachoelea ndani yake: kikizama zaidi ya kawaida, mwenye maziwa ana maswali ya kujibu. Kwa hatari za namna hiyo, mtu aliyefundishwa vizuri na mwaminifu anatosha.

Kuna hatari nyingine ambazo jicho haliziwezi. Waingereza walijifunza hayo kwa uchungu kabla hawajatuletea sheria zao. Mwaka 1858, katika mji wa Bradford, mtengenezaji mmoja wa peremende alitaka kupunguza gharama ya sukari kwa kuchanganya na unga wa bei nafuu, jambo lililokuwa la kawaida siku hizo. Dukani, kijana aliyekuwa akiuza alikosea pipa akampimia aseniki, ambayo ni sumu kali, nyeupe kama ule unga aliotumwa. Peremende zikatengenezwa, zikauzwa sokoni Jumamosi. Watu wapatao 20 walikufa, na zaidi ya 200 wakaugua. Hakuna aliyeona kitu. Kelele zilizofuata zilisaidia kuleta sheria ya kwanza ya kuzuia kuchanganya vyakula, mwaka 1860, na nyingine yenye nguvu zaidi mwaka 1875. Hii ya 1875 ilitaka kila eneo liwe na mkemia wa kupima chakula, na ilieleza jinsi ya kuchukua sampuli: igawanywe sehemu tatu, moja abaki nayo mwuzaji, moja ipelekwe kwa mkemia, na moja itunzwe ili kukiwa na ubishi mahakamani iweze kupimwa tena. Napenda sana kanuni hiyo. Inamlinda mnunuzi, na inamlinda hata mama mboga asionewe na afisa.

Sisi tulipopata uhuru, bunge letu lilipitisha Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali mwaka 1965, na ndani yake mna mawazo hayo hayo: afisa achukue sampuli, maabara ipime, mahakama iamue. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, yaani KEBS, likafuata mwaka 1974. Kwenye karatasi tulikuwa tumekamilika. Tatizo ni kwamba afisa alikuwa Thika na Ruiru, na maabara ilikuwa Nairobi. Sampuli ilihitaji gari, barua na pesa za kupimia, na kisha kungoja majibu. Kwa hiyo mambo mengi yaliendelea kuamuliwa kwa macho na pua, kama zamani.

Na hapa kuna jambo ambalo limenikera tangu nilipolifikiria. Thika yetu ni mji wa viwanda. Mananasi yamesindikwa na kutiwa kwenye mikebe hapa tangu miaka ya 1940, yakasafiri mpaka Ulaya. Mnunuzi wa ng'ambo haridhiki na neno la mtu. Anataka karatasi ya maabara. Basi nanasi la mtoto wa Ulaya lilikuwa na cheti, na gorogoro ya mahindi ya mtoto wa Kiandutu haikuwa nacho. Silaumu kiwanda. Nasema tu kwamba utaalamu wa kupima ulikuwepo hapa hapa mjini, ila haukushuka mpaka kwenye sufuria zetu.

Sasa tufike mwaka 2004.

Mahindi ya msimu ule yaliteswa mara mbili. Kwanza yalipata ukame yakiwa shambani, na mahindi yaliyoteswa na ukame hushambuliwa na kuvu kwa urahisi. Kisha mvua ikayakuta wakati wa kuvunwa. Chakula kilikuwa haba, wezi wa mahindi walikuwepo, na watu wakavuna mapema na kuyaingiza ndani yakiwa bado na maji. Wakayaweka mahali wanapoweza kuyalinda: chumbani, chini ya kitanda, kwenye kona karibu na ukuta. Chumba chenye joto, chenye pumzi za watu, na gunia lenye unyevu. Kuvu haitaki zaidi ya hapo.

Kati ya Januari na Julai mwaka huo, watu wa Makueni na Kitui walianza kuugua. Macho yalikuwa ya manjano, tumbo linajaa maji, miguu inavimba, mtu anatapika na kuishiwa nguvu. Ni dalili za ini lililoshindwa kazi, na zinafanana na zile za ugonjwa wa ini unaoletwa na virusi, kwa hiyo haikuwa rahisi kujua mara moja. Mahindi yalipopelekwa kupimwa ndipo jibu likapatikana: sumu ya kuvu, aflatoksini. Ilipofika tarehe 20 Julai, wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 317, na 125 kati yao walikuwa wamekufa. Wengi walitoka Makueni na Kitui. Lakini orodha ile ilikuwa na wilaya nne, na mbili nyingine zilikuwa Machakos na Thika.

Naam, Thika. Watu wengi wa huku wanaposikia aflatoksini hufikiri ni shida ya Ukambani. Wanasahau kwamba wilaya ya Thika ya wakati huo haikuwa mji na viwanda tu. Ilifika mpaka Gatanga na Kakuzi, sehemu ambazo sasa ziko kaunti ya Murang'a, na upande wa chini ni nchi kavu inayopakana na Yatta. Tena barabara ya Garissa inapita hapa ikielekea Matuu na Mwingi, na nafaka haijui mpaka wa wilaya.

Wataalamu wa wizara, wakisaidiwa na wale wa kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, walikusanya sampuli 342 za mahindi kutoka wilaya hizo nne. Sampuli 182, zaidi ya nusu, zilizidi kiwango kilichoruhusiwa. Hapa kwetu Thika, karibu sampuli 4 katika kila 100 zilikuwa zimezidi kiwango hicho zaidi ya mara 50.

Ngoja nikueleze hicho kiwango ni kidogo namna gani, maana ndipo utaelewa kwa nini Bwana Afya hakuweza kuona kitu. Kiwango cha wakati huo kilikuwa sehemu 20 za sumu kwa kila sehemu bilioni moja za mahindi. Leo ni 10. Sasa chukua gunia la kilo 90. Ukiweza kukusanya sumu yote iliyomo katika gunia lililofika kiwango cha 20, hutapata hata miligramu 2. Kidonge kimoja cha panadol kina miligramu 500. Yaani ni kama ukwaruze panadol kidogo kwa ukucha, kisha ule unga uutawanye ndani ya gunia zima. Sasa mahindi mabaya kuliko yote yaliyopatikana mwanzoni mwa uchunguzi ule yalikuwa na sehemu 4,400. Katika gunia moja hiyo ni karibu miligramu 400, na hata hiyo haijafika kidonge kizima. Jicho gani litaona?

Sumu yenyewe haina rangi unayoweza kuitegemea, haina harufu, na haiishi kwa kuchemsha. Githeri ichemke saa tatu, uji uchemke mpaka ukauke, yeye yumo. Kuvu ndiyo huonekana mara nyingine, kijani au manjano kwenye punje, lakini unaweza kuifuta kuvu na sumu ikabaki. Tena haikai sawasawa ndani ya gunia. Punje chache mbaya zinaweza kubeba sumu yote, na gorogoro iliyotekwa juu ikaonekana salama. Ndiyo maana mpimaji wa nafaka hutumia bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji, akachoma gunia huku na huku, juu, katikati na chini, kisha akachanganya. Dunia yenyewe haikujua sumu hii mpaka mwaka 1960, batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kulishwa chakula cha karanga zilizokuwa na kuvu. Na Kenya tulikuwa tumeonywa: mwaka 1981, Machakos, wagonjwa 20 walipatikana na ugonjwa huo huo na 12 wakafa. Miaka 23 baadaye tukashangaa upya.

Mwaka huo wa 2004, wakaguzi wa serikali za mitaa walifanya kazi ambayo sitaki uisahau. Waliingia masokoni na majumbani, wakakagua mahindi, wakayachukua yaliyoshukiwa, wakayaharibu. Hebu jiweke mahali pa yule mama. Umepitia ukame, umebakiwa na gunia moja na nusu, watoto wanne wanakutazama, halafu mtu wa serikali anakuja kukuambia kwamba chakula chako ni sumu, na wewe mwenyewe huoni sumu yoyote. Ungekubali? Huko Makueni na Kitui serikali ililazimika kuleta chakula kingine badala ya kile kilichochukuliwa. Kwa maoni yangu hilo ndilo lililofanya kazi ile iwezekane. Ukaguzi usiokuwa na chakula mkononi humfanya mama afiche gunia, nami siwezi kumlaumu.

Mimi wakati huo nilikuwa msichana wa shule. Nakumbuka mama akisikia tangazo kwenye redio, akazima jiko, akaenda chumbani kwao, akaburuta gunia lililokuwa nyuma ya mlango na kulimwaga lote juu ya turubai. Tulichambua mpaka giza likaingia. Punje zilizokuwa zimeoza tuliwapa kuku, na tukajiona werevu kwa kutopoteza kitu. Leo najua kwamba lile lilikuwa kosa. Kuku huumwa na sumu hiyo, na ng'ombe akilishwa mahindi au bua lenye kuvu, sumu hupita mpaka kwenye maziwa. Lakini yule mama yangu, ambaye hakupita darasa la saba, alikuwa ameshafanya kazi ya maana kuliko ukaguzi wote uliofika kijijini kwetu mwaka ule, kwa sababu hakuna mkaguzi aliyefika.

Baadaye watafiti walilinganisha nyumba zilizopata mgonjwa na nyumba za jirani ambazo hazikupata. Nyumba zilizougua ndizo zilizokuwa na tabia ya kuhifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba ya kulala badala ya ghalani. Sasa unakumbuka kile kifungu cha 1921? Mwenye duka anakatazwa kulala pamoja na chakula anachouza. Sisi nyumbani tunalala na chakula cha watoto wetu, na hakuna sheria inayotugusa, kwa sababu sheria ya chakula, tangu ile ya panya mpaka hii ya leo, inaangalia kile kinachouzwa. Mahindi ya shambani kwako, yanayotoka chumbani kwenda kwenye mashine ya posho na kurudi jikoni, hayapiti mbele ya mtu yeyote isipokuwa wewe.

Sisemi kwamba ya sokoni yalikuwa salama. Uchunguzi mwingine wa mwaka huo ulipita katika masoko 65 ya sehemu zilizoathirika, na asilimia 55 ya bidhaa za mahindi zilizopimwa zilikuwa zimezidi kiwango. Mahindi ya majumbani yalikuwa yameingia sokoni, na watu wakanunua walichokuwa wanakikimbia.

Yaliyofuata nitayapitia haraka. Sumu ilirudi mwaka 2005 na 2006. Mwaka 2010 serikali ilitangaza kwamba magunia kama milioni 2.3 yameharibika. Katiba mpya ikaja mwaka huo huo, na baada ya uchaguzi wa Machi 2013 mabaraza ya miji ya Thika na Ruiru yakafikia mwisho. Kutoa leseni na kusimamia wanaouza chakula ikawa kazi ya kaunti. Bwana Afya akawa wa kaunti, ingawa wengi wetu tulimwona yule yule akiwa na kitambulisho kipya. Novemba 2019 KEBS ilipiga marufuku unga wa mahindi wa aina tano uliokuwa madukani kwa sababu ya aflatoksini, na Januari 2020 ikaongeza aina nyingine 17. Wakati huo mama wengi kliniki waliniambia wameamua kuacha unga wa paketi na kusaga wa kwao. Niliwauliza, "Na wa kwenu umepimwa na nani?" Paketi ilipatikana na kosa kwa sababu kuna mtu anayeipima. Gunia la nyumbani halijawahi kupatikana na kosa, maana halijawahi kupimwa.

Mbona nasisitiza hivi kwa mama mwenye mtoto mdogo? Kwa sababu yale ya 2004 yalikuwa ni sumu nyingi kwa muda mfupi. Kuna ile kidogo kidogo ya kila siku, ambayo haimlazi mtu hospitalini. Mtoto anayeachishwa kunyonya hula uji wa mahindi asubuhi, ugali mchana, jioni tena, na mwili wake ni mdogo. Utafiti uliofanywa Benin na Togo ulikuta kwamba watoto waliokuwa na sumu hii nyingi zaidi katika damu ndio waliokuwa wafupi na wepesi kuliko wenzao. Kwa mtu mzima, sumu hii ikiungana na virusi vya homa ya ini aina ya B huongeza sana hatari ya saratani ya ini. Kinga ya virusi hivyo imo ndani ya ile sindano mtoto anayopewa akiwa na wiki 6, 10 na 14, kwa hiyo usikose tarehe zako. Na tafadhali, asije mtu akakuambia uache kunyonyesha kwa sababu sumu hupita kwenye maziwa ya mama. Nyonyesha. Kinachobadilishwa ni kile anachokula mama.

Sasa yale ambayo unaweza kuyafanya bila maabara. Kausha mahindi juu ya turubai, sio juu ya udongo. Usiyaweke sakafuni wala yasiguse ukuta. Tafuta mbao uyainue, na ikiwezekana yatoke kabisa katika chumba cha kulala. Chambua kabla ya kusaga: toa punje zilizobadilika rangi, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, na usizipe mifugo, zichome au uzizike. Majirani zetu Wakamba wana muthokoi, mahindi yaliyokobolewa ganda, na wataalamu waliopima wamekuta kwamba kukoboa hivyo hupunguza sumu hiyo kwa karibu nusu. Mtoto abadilishiwe uji: leo mahindi, kesho wimbi au mtama, navyo vichambuliwe vile vile. Sokoni, iwe ni Madaraka au Makongeni, una haki ya kuingiza mkono ndani ya gunia badala ya kukubali ya juu, na ukishuku kitu, ofisi ya afya ya umma iko na ni kazi yao kuja. Na mtu nyumbani akigeuka macho manjano, kimbia hospitali, na ubebe kikombe cha mahindi mnayokula. Mwaka 2004 ni mahindi yaliyopimwa ndiyo yaliyotoa jibu.

Kuna kipimo kimoja kidogo cha nyumbani, na hiki hupima unyevu tu, hakipimi sumu, usije ukachanganya. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, yenye kifuniko. Anika chumvi juani mpaka ikauke. Jaza chupa theluthi moja kwa mahindi, tia vijiko viwili au vitatu vya chumvi, funga, tikisa kwa nguvu, kisha ngoja dakika 15. Chumvi ikigandama kwenye kioo, mahindi bado yana maji mengi na hayafai kutiwa guniani. Chumvi ikianguka chini bila kugandama, yamekaribia. Yaanike siku moja au mbili zaidi ndipo uyahifadhi.

Mwezi uliopita tulifanya hivyo na kina mama kliniki. Niliwaomba kila mmoja aje na kikombe kimoja cha mahindi kutoka nyumbani. Walikuja kumi na mmoja, na wote walisema mahindi yao yamekauka. Katika chupa sita chumvi iligandama kwenye kioo, mojawapo ikiwa yangu.